Jina la maqam limo kwenye sauti nne za chini

Ukisikia wimbo wa taarab wenye maqam (skeli ya muziki wa Kiarabu) usiyoijua, usihangaike na sauti zote saba. Bonyeza kwenye kinanda sauti ambayo wimbo unatulia mwishoni, iache ilie, kisha panda mpaka sauti ya nne ya skeli hiyo huku ukihesabu nusu toni (hatua ya kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, cheupe au cheusi) kati ya sauti na sauti. 1-3-1 ni maqam ya Hijaz (ukianzia D: D, E flati, F shapu, G, lile pengo la katikati halijifichi). 1-2-2 ni Kurd, 2-1-2 Nahawand, 2-2-1 Ajam, yaani meja ya kawaida tu. Sababu ni kwamba kwa kawaida maqam huitwa kwa kipande chake cha chini, yaani hizo sauti nne. Cha juu hubadilika, hata ndani ya wimbo mmoja. Ukianzia D, kama sauti ya pili haikubali E wala E flati, imeangukia katikati, kwenye robo toni: jaribu Bayati, au Saba ikiwa ya nne nayo imeshushwa. Hapo weka kinanda pembeni, imba au chukua fidla. Sikah ndiyo hukwamisha kabisa, maana hata sauti yake ya kutulia ni ya robo toni, kwa hiyo kwenye kinanda cha kawaida huna pa kubonyeza.