Homa imeisha lakini moyo haujarudi? Fanya hivi

Ile chikungunya, homa ya virusi vinavyoletwa na mbu, ya 2018 hapa Mombasa iliwaacha watu na maumivu ya viungo kwa miezi, na wengine ikawaachia kitu wasichokisema: hamu ya kila kitu imekatika, hata mahamri na mbaazi hayapiti, mtu yuko kitandani tu na majirani washaanza, ati amerogwa, ati mvivu. Uvivu gani jamani?

Mwili ukipigana na virusi, seli za kinga zatoa kemikali za kupashana habari, saitokini, na habari zile zafika mpaka kwenye ubongo, nao ubongo unakuamuru ulale, usile, usitake watu. Siku chache hiyo ni kinga tosha, balaa ni ikikataa kuisha. Wagonjwa wa hepataitisi C, ugonjwa wa ini, waliokuwa wakidungwa intaferoni, ambayo nayo ni saitokini, wengi waliangukia kwenye depreshen, yaani sonona, na kabla ya sindano hawakuwa nayo.

Sasa anza kuandika kwenye simu kila jioni: homa ilianza lini, umelalaje, viungo vipi, moyo vipi. Wiki mbili zikipita bado uko chini karibu kila siku, nenda kliniki na uyataje yote mawili, viungo na moyo, manake ukisema magoti peke yake utapewa ya magoti urudi nyumbani. Ukiwaza kujidhuru usingoje hizo wiki mbili, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haikatwi pesa.

Usikimbilie duka la dawa kununua deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi). Maumivu yatashuka kweli, lakini dawa yenyewe yaweza kuvuruga usingizi na akili, hapo umeongeza tatizo juu ya tatizo. Kuna kipimo cha damu, CRP, chaonyesha kinga ya mwili imewaka kiasi gani, ila kinapanda hata kwa jino bovu, kwa hivyo hakiwezi peke yake kukwambia una depreshen, usimlipe mtu anayekuahidi hivyo.

Usingizi uwe wa kwanza, manake kukesha kwenyewe kunapandisha saitokini, na hapa nasema na nyinyi wa kutafuna majani ya muguka usiku. Jua likipoa tembea kando ya bahari pale Mama Ngina, hata nusu ya njia, viungo vikigoma kaa upunge upepo kisha urudi. Na ukianzishiwa dawa za depreshen, zachukua wiki kadhaa kushika, usiziache ile ya kwanza ukasema hazifanyi kazi.