Fedha za halmashauri kwa njia ya baiskeli ya mtaa: mwongozo kwa vikundi vya Mwanza

Njia ya mazoezi ya baiskeli iliyojengwa kwa moramu (udongo wa changarawe wa kutandaza barabarani) huharibiwa na maji kuliko inavyoharibiwa na magurudumu. Kwa hiyo ombi lenu lianze na mitaro. Jukwaa la mgeni rasmi lisubiri. Ombi la mitaro na moramu ni dogo, mhandisi wa halmashauri anaweza kulikagua kwa macho, na kazi yake inaweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja wa fedha.

Hakikisheni kwanza mko chini ya halmashauri ipi. Kirumba, Kitangiri na Pasiansi ni Manispaa ya Ilemela; Mkolani, Buhongwa na Igoma ni Jiji la Mwanza. Kisesa, japo mji umeshaifikia, ni Wilaya ya Magu.

Kisha ardhi, maana hapa ndipo maombi mengi hufia. Halmashauri haiwezi kuweka fedha za umma kwenye kiwanja cha mtu au eneo lenye mgogoro, hata kama watoto wameliendeshea baiskeli miaka yote. Ombeni kwa maandishi, kwa afisa mipango miji, uthibitisho kwamba ni eneo la wazi kwenye mchoro wa mipango miji. Kipande kinachopita kwenye hifadhi ya barabara kinahitaji kibali cha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa. Karibu na ziwa, kumbukeni mita 60 kutoka ukingo wa maji, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kufanyiwa shughuli za kudumu. Msipime kutoka kwenye ukingo wa kiangazi: mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza fukwe na nyumba za kandokando. Kama eneo liko ndani ya uwanja wa shule ya umma, mna bahati, kwa sababu shule tayari ina akaunti benki na kamati inayotambulika. Kikundi cha waendesha baiskeli hakina kitu hicho machoni pa mweka hazina.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini mipango yake hupikwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Machi limeshachelewa. Lengeni mkutano wa mtaa wa Agosti au Septemba, mradi upitishwe na wakazi wenyewe, muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na orodha ya mahudhurio iambatanishwe. Muhtasari usio na mahudhurio ni karatasi tu. Kutoka hapo unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, halafu kwa afisa mipango wa halmashauri, hadi bajeti ipitishwe na Baraza la Madiwani. Diwani asisikie habari zenu kwa mara ya kwanza kwenye kikao cha kata. Mfuateni mapema na nakala mkononi.

Makadirio yafanyeni kwa vipimo. Tuseme njia ina urefu wa mita 400, upana mita 2.5, na moramu ya sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Hizo ni mita za ujazo 150. Moramu iliyomwagwa ni legelege, hivyo ongezeni asilimia 30: mita 195, sawa na tripu 28 za tipa linalobeba mita 7. Anayeandika "moramu, tripu kadhaa" hukatwa nusu ya fedha na hana hoja ya kujitetea. Wekeni pia mawe na saruji ya mitaro, kalavati pale maji yanapokatiza, maji ya kunyunyizia, kukodi rola, na asilimia 5 hadi 10 za dharura, kwa kuwa fedha inaweza kuingia miezi mingi baada ya bei mliyoandika. Nguvu za wananchi nazo zigeuzeni kuwa shilingi: watu, siku, mara ujira wa kibarua. Mawe Mwanza hayana shida, hilo kila mtu analijua, lakini kuyasomba kuna gharama.

Kuna mifuko mingine miwili ambayo watu huichanganya na bajeti ya kawaida. Mfuko wa Jimbo husimamiwa na kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge, na unafaa kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mkopo usio na riba, lazima urejeshwe. Vijana wanaotaka kufungua karakana ya baiskeli pembeni ya njia wauombe. Kuujengea njia isiyoingiza senti ni kujitia kitanzi.

Fedha ikifika, kazi ikigawiwa fundi wa eneo, undeni kamati tofauti za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Mtu asinunue kisha akajipokelea mwenyewe. Kila tipa lipimwe kabla ya kumwaga, liingie kwenye leja.

Mtaro wa upande wa mlimani uchimbwe kabla ya moramu kuletwa, vinginevyo mvua moja ya vuli itaihamishia yote ziwani. Moramu ifinyeni ikiwa na unyevu: ikishikana bila kunata mkononi, inafaa, ikinata, ina udongo wa mfinyanzi mwingi na itateleza. Itandazeni kwa tabaka mbili za sentimita 10, maana rola ndogo ya kusukuma haifiki chini ya tabaka nene. Upande mmoja uwe juu kwa sentimita 7 au 8 ili maji yasituame.

Msimlipe fundi malipo ya mwisho siku anapokusanya vifaa. Ngojeni mvua kubwa, au mwageni mapipa kadhaa ya maji sehemu ya juu, mfuate yanakokwenda. Penye dimbwi, arudi ashindilie upya.