Jarida la kijiji: anzeni kwenye karatasi, si kwenye makala

Majarida mengi ya kujitolea hufia toleo la pili. Watu hawakuwa wavivu, ila toleo la kwanza lilikuwa kubwa mno. Kwa hiyo hesabuni karatasi kwanza. Karatasi nne za A4, zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati, hutoa kurasa 16. Nakala 300 zitakula karatasi 1,200: nunueni rimu tatu (kila rimu ni karatasi 500) za karatasi ya gramu 80, maana kuna zitakazoharibika. Zikiwa nyepesi zaidi, maandishi ya nyuma yanachomoza mbele.

Kurasa huongezeka kwa nne nne. Anayeomba "ukurasa mmoja tu wa shukrani" anaomba karatasi nzima kwa kila nakala.

Ukurasa mmoja, yaani nusu ya A4, kwa herufi za pointi 10.5, hubeba maneno kama 300. Ukiwa na picha, 180 hivi. Mwandishi aambiwe idadi kabla hajashika kalamu, kwa sababu kukata maneno ya jirani akishayaandika ni kutafuta ugomvi.

Watu sita wanatosha: mhariri, mpangaji kurasa, mhazini na watatu wa kukusanya habari vitongojini. Bibi mwenye habari za mbegu za zamani lakini haandiki, arekodiwe kwa simu. Kijana aandike, kisha arudi amsomee kabla ya kuchapa. Toeni jarida kila miezi mitatu, na siku ya mwisho ya kupokea habari isiangukie palizi wala mavuno.

Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inadai leseni kwa machapisho. Ulizeni Idara ya Habari (Maelezo) mapema, na mtendaji wa kijiji awe na taarifa.

Picha ndizo huaibisha jarida. Mashine ya fotokopi hugeuza uso ulio kivulini kuwa doa jeusi. Piga asubuhi au jioni, mhusika autazame mwanga, kisha ongeza mng'ao kuliko unavyopenda kwenye skrini. Ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti; ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora. Ya mtoto haichapwi bila idhini ya mzazi.

Kupanga kurasa, programu za kompyuta za Scribus au LibreOffice zinatosha na ni za bure. Acheni sentimita 1.2 pembeni, maana printa nyingi hazifiki ukingoni. Sasa jambo linalowachanganya wengi: kurasa hazichapwi kwa mfuatano. Namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishe 17. Karatasi ya nje ina 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Inayofuata ina 14 na 3, halafu 4 na 13. Namba shufwa hukaa kushoto. Kwenye printa chagueni karatasi igeuzwe kwa ukingo mfupi, la sivyo kurasa za nyuma zitasimama kichwa chini. Chapeni nakala moja, mkunje, msome yote kwa sauti, majina ya watu yahakikiwe na wenyewe, ndipo mwende kwenye mia tatu.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Kama hakuna ya mkono mrefu, fungueni ya kawaida hadi ilale wazi, wekeni karatasi juu ya kipande cha sponji la godoro, bonyezeni pini mbili kwenye mkunjo, kila moja sentimita tano kutoka ukingo, kisha kunjeni miguu yake kwa mgongo wa kijiko.

Duka la pembejeo au fundi baiskeli alipie tangazo kabla ya kuchapa, si baada. Siku ya mnada ndiyo ya kuuza. Pelekeni nakala moja kwenye mashine ya kusaga na moja zahanati, zifungwe kwa uzi ukutani ili zisomwe na wengi. Nyingine mbili za kila toleo zihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko, mchwa wasizifikie.