Uvimbe wa seli za plazma ukiwa ughaibuni: barua ya kuruhusiwa isikudanganye

Barua ilinifikia siku 9 baada ya mionzi ya mwisho. Mstari wa kwanza ulisema nimeruhusiwa kutoka kliniki ya mionzi. Nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia, na kabla ya jioni shangazi alikuwa ameshatangaza kwamba nimepona. Kwetu mgonjwa akiruhusiwa, habari imeisha. Huku maana yake ni kwamba dirisha hilo limemalizana na wewe, nenda la pili. Na hilo la pili halikuwa na habari zangu kabisa.

Miezi 14 sikupigiwa simu, nikauchukua ukimya ule kuwa ndiyo afya. Nilipokwenda na maumivu ya mbavu na uchovu usioisha, ilikuwa mailoma, saratani ya seli hizohizo za plazma iliyokwisha kusambaa kwenye uboho, na figo zimeshaanza kuumia.

Nieleze kidogo. Plazmasaitoma ya mfupa ni uvimbe mmoja wa seli za plazma, zile chembe za damu zinazotengeneza kingamwili. Hupenda pingili za uti wa mgongo, ndipo ulipokuwa wangu. Mara chache hukaa kwenye fuvu. Ukiwa kwenye kitako cha fuvu hubana mishipa ya fahamu, mtu akaanza kuona vitu viwiliviwili. Ni ugonjwa wa nadra, kwa hiyo usishangae daktari wa kwanza akikupa dawa ya mgongo na kukurudisha nyumbani.

Vipimo ni MRI (picha ya sumaku), kipande cha uvimbe, damu, mkojo, uboho na PET skani (picha ya mwili mzima inayotafuta uvimbe mwingine); ukiitwa, nenda. Upasuaji ni kwa pingili inayolegea au ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva ndani ya uti, unaobanwa. Tiba kuu ni mionzi, kwa kawaida grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 40 hadi 50, siku za kazi kwa wiki 4 au 5. Wa fuvu huvalishwa barakoa ngumu ya plastiki ili kichwa kisisogee. Mimi walinichora nukta tatu za wino, ndogo kama alama ya sindano, ambazo bado ninaziona nikioga.

Mionzi huuweza uvimbe wenyewe mara nyingi sana. Ndiyo maana mtego huu ni mbaya: maumivu yanaisha, unatembea, na kila mtu anakupongeza. Lakini karibu nusu ya wenye plazmasaitoma ya mfupa huishia kupata mailoma ndani ya miaka 10, wengi wao katika miaka michache ya mwanzo. Uliza uboho wako ulionekana vipi. Kama haukuwa na seli za plazma za ugonjwa, ni takriban mtu 1 kati ya 10 anayefika huko ndani ya miaka 3. Kama zilikuwepo, hata chini ya asilimia 10, ni takriban 6 kati ya 10. Mimi sikuuliza.

Aya ya tatu ya barua yangu ilisema ufuatiliaji utaendelea kliniki ya magonjwa ya damu. Sikufika aya ya tatu. Kliniki ya mionzi ilidhani daktari wa upasuaji ameandika rufaa, daktari wa upasuaji akadhani wao wameandika, na kliniki ya damu haikuwa na jina langu. Kwa hiyo soma barua mpaka chini. Piga simu wewe, uliza: je, rufaa yangu imefika, na miadi yangu ni tarehe ngapi? Usikubali jibu la "tutakuandikia". Nasema tena, usikate simu bila tarehe. Unataka damu na mkojo kila miezi 3 hadi 6 katika miaka ya mwanzo: protini ya ugonjwa (kingamwili mbovu zinazotolewa na seli hizo), minyororo myepesi (vipande vya kingamwili hizo), kalsiamu, figo, wingi wa damu. Protini hiyo ikiwa bado ipo mwaka mmoja baada ya mionzi, ongeza macho. Na ukihama mji, anza upya kuuliza, maana faili halikufuati lenyewe.

Watu wa huku si wabaya. Muuguzi mmoja alinishika mkono vipindi vyote vya wiki ya kwanza. Ila wameuamini mfumo wao kiasi kwamba asiyelalamika huhesabiwa hana shida, na sisi tumelelewa tukiona kumsumbua daktari ni utovu wa adabu. Daktari akikuuliza maumivu, usijibu "nashukuru, si haba". Sema yanavyokuamsha usiku.

Nanyi ndugu zangu mlioko nyumbani, ninajua ni mapenzi, lakini msimwambie mgonjwa akanyooshwe mgongo; pingili iliyoliwa huvunjika. Msimtumie diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kwa mtu anayekuja; inaumiza figo ambazo tayari ziko hatarini. Na msimnyamazishe akisema bado anafuatilia, eti anajitabiria ugonjwa.

Miguu ikilegea, ganzi ikiingia kati ya mapaja, au mkojo ukikataa kutoka au kuzuilika, usingoje miadi. Nenda kitengo cha dharura saa hiyohiyo, sema una uvimbe wa uti wa mgongo na unahofia ugwe unabanwa. Barua inayotaja aina ya uvimbe wako iwe mkononi. Yangu sasa ninatembea nayo, na aya ya tatu nimeipigia mstari.