Unaenda kuonja waini milimani? Anza kwa kupiga simu

Kama unapanga kwenda kwenye kiwanda kidogo cha waini huko milimani, iwe Franschhoek kule Afrika Kusini au Valle de Uco kule Argentina, kitu cha kwanza kabisa ni kubuku. Viwanda vikubwa vina watu wa mapokezi kutwa nzima, ila kwenye kidogo mara nyingi anayekumiminia ndo huyohuyo aliyepogolea mizabibu na kukamua zabibu, sasa ukitokea ghafla utakuta yuko shambani na geti limefungwa. Tuma meseji siku chache kabla, sema mko wangapi, uliza kuonja ni shilingi ngapi na kama hiyo hela inakatwa ukinunua chupa, maana wengi wanafanya hivyo.

Msimu nao uangalie. Kusini mwa ikweta wanavuna kama Februari mpaka Aprili, kaskazini ni Septemba na Oktoba. Wakati wa mavuno panachangamka kweli, ila mwenyewe hana hata dakika ya kukaa na wewe, kwa hiyo mimi nakushauri uende wiki chache kabla, zabibu zishapata rangi na yeye bado ana muda wa stori.

Viwanda viwili kwa siku vinatosha. Barabara za milimani zina kona kali, kwa hiyo lazima awepo dereva ambaye hanywi kabisa, hapo hakuna mjadala. Kula kwanza, usijipulizie pafyumu maana hutanusa kingine, na beba sweta. Huko juu joto hupungua kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1000, na hiyo baridi ya usiku ndo inafanya zabibu zibaki na ule uchachu wake, ndo maana waini nyeupe ya milimani ukiionja mate yanajaa mdomoni.

Kuonja kwenyewe hakuna ugumu, mnaanza na nyeupe, zinafuata nyekundu, tamu mwisho. Shika glasi kwenye mguu wake, izungushe taratibu, nusa, piga funda dogo ulizungushe mdomoni halafu tema kwenye ndoo. Kutema siyo dharau, watengenezaji wenyewe wanatema.

Sasa uhondo wenyewe uko kwenye mapipa, omba kwa adabu akuonyeshe. Pipa linalotumika sana ni la lita 225, yaani chupa 300, kwa hiyo ukiona mapipa kumi tu ukutani ujue hapo kuna chupa 3000 basi. Akikukubalia atachomoa kizibo cha juu, atazamisha mrija wa glasi, avute kidogo na kukumiminia, na utaona bado ina ukungu na inakaza ulimi na fizi. Hapo ndo umuulize shamba linatazama upande gani wa jua na kwa nini ya mwaka huu haifanani na ya mwaka jana, atakuelezea mpaka ushangae.

Ukinunua, chukua ile ambayo haiuzwi madukani. Usiiache kwenye gari juani, joto linaiua. Kama unapanda ndege za kimataifa, viwanja vingi haviruhusu kupita ukaguzi na chupa ya ml 750 kwenye begi la mkononi, izungushie nguo uiweke kwenye begi kubwa, na uliza mapema forodha ya nchi unayoingia wanaruhusu chupa ngapi bila ushuru.