Kuandaa Chumba cha Kusikilizia na Kurekodi Sauti Nyumbani
Kabla ya kununua kifaa chochote, simama katikati ya chumba upige kofi moja kubwa. Ukisikia mlio unaorudi kama wa debe tupu, fedha zako za kwanza ziende kwenye zulia, mapazia mazito na kabati lililojaa vitabu, wala si kwenye maikrofoni ya bei kubwa. Trei za mayai, ambazo wengi huzibandika ukutani kwa bidii, haziwezi kuzuia redio ya jirani.

Meza ya kompyuta ielekee ukuta mfupi, na spika mbili ziwe usawa wa masikio, zikiunda pamoja na kichwa chako pembetatu yenye pande sawa.

Maikrofoni ya kondensa (aina nyeti inayohitaji umeme ili ifanye kazi) ya studio kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti ya nje, yaani kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta. Katika programu ya kurekodi chagua biti 24 na kilohezi 48 (vipimo vya ubora wa rekodi), kisha imba kwa nguvu utakayoitumia kweli, ukirekebisha kiwango hadi vilele vya sauti vifike takriban desibeli -12, yaani chini ya sifuri, ambapo sauti huanza kukwaruza. Ukijisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni, punguza bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata, hadi sampuli 128 (vipande vidogo vya sauti). Feni izimwe, na chini ya paa la bati, subiri mvua ikatike.