Roboti ya chini ya maji: kutoka pipani hadi bahari ya Tudor, Mombasa

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Gredi ya 7 hadi 9. Wanafunzi wanne kwa roboti moja watosha. Wakizidi, wengine hubaki watazamaji.

Anza na fremu. Mita 3 za bomba la PVC la nusu inchi, elbo 8 (viungo vya kona) na tii 8 (viungo vya njia tatu) hutoa sanduku la takriban sentimita 30 kwa 25 kwa 20. Toboa matundu ya milimita 6 kila upande. Bila matundu, hewa hunaswa ndani na kutoka kidogo kidogo, na roboti iliyokuwa ikielea vizuri huanza kuzama yenyewe. Usitie gundi bado.

Kisha funga mota tatu za pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya chombo) za volti 12, ambazo huja zikiwa zimezibwa maji: mbili zielekee nyuma, moja wima katikati. Propela isielekee bomba, nguvu itapotea.

Umeme ni wa betri pekee. Wa ukutani usikaribie maji kabisa. Weka fyuzi ya ampea 15 karibu na ncha chanya. Waya wa mita 10 wenye unene wa milimita mraba 0.75 hupoteza karibu volti 1.4 mkondo ukiwa ampea 3. Waache wapime kwa mita ya volti ncha zote mbili, ndipo kanuni ya Ohm iwaingie.

Kusawazisha ndiko kwenye somo lenyewe, kwa hivyo tenga vipindi viwili. Maboya magumu ya nyavu yafungwe juu, chubwi (vizito) za madini ya risasi chini. Ukigeuza, roboti hupinduka. Sponji haifai, kina huibana ikapoteza uwezo wa kuelea. Isawazishe pipani hadi isizame wala isipande, kisha ipime mizani.

Ikiwa na kilo 2, imesukuma lita 2 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 1,025, kwa hivyo baharini itaelea kwa ziada ya gramu 50. Waulize: chubwi ya gramu 50 yatosha? Haitoshi, kwa kuwa risasi nayo husukuma maji. Yahitajika karibu 55. Ongeza 45 tu, ili waya ukikatika roboti ipande yenyewe.

Tudor nendeni siku za maji mafu (kupwa na kujaa kukiwa kudogo), maji yakisimama. Wakati wa bamvua (kupwa na kujaa kukiwa kukubwa) mkondo wa maji huishinda mota. Mkirudi, suuzeni kila kitu kwa maji baridi siku hiyo hiyo, hasa viungo vya nyaya.